KWA NINI TUNAPOKEA BILA KUULIZA?



Wengi wetu hapa Korogwe ya Zamani ni wafuasi wa Imamu Shafi. Mzee amefundishwa kusoma kunuti Alfajiri. Mtoto anarudi chuoni na kauli ya kuiacha. Nyumba inagawanyika, na hakuna aliyeuliza dalili. Tunanyamaza kwa kudhani kuuliza ni utovu wa adabu.

Imamu Shafi mwenyewe, aliyefariki Misri mwaka 204 Hijria (820), alibadili baadhi ya fatwa alizotoa Iraki. Vitabu vya fiqhi vinaziita kauli ya kale na kauli mpya. Alibadili kwa dalili, na nguzo za dini zikabaki vilevile.

Sura An-Nahl, aya ya 43, inatuamrisha kuwauliza wenye elimu. Basi tuulize kwa adabu: "Maalim, dalili yake ni ipi?"