Mtunzi Asiyeona na Mambo ya Ghaibu

Watu wengi husadiki kwamba mtu aliyenyimwa nuru ya macho aweza kuwa hafidhi wa Kurani, au malenga, au mzee aketiye barazani akiulizwa mambo ya kale, lakini hawezi kutunga hadithi za majini, za wafu waliofufuka na za miji isiyokuwamo katika ramani, kwa kuwa hadithi za namna hiyo, wadhanivyo wao, ni picha tupu, na picha ni riziki ya macho. Dhana hii ina sura ya kweli, walakini haisimami mbele ya kazi zilizokwisha kuandikwa. Mambo ya ghaibu hakuna mwanadamu aliyeyaona. Mwenye macho mawili akianza kueleza uso wa jini au wembamba wa Sirati, daraja la kuvukia Jahanamu, hana ushahidi zaidi ya kipofu, na wote wawili hawana budi kutegemea lugha waliyoisikia tangu utotoni.

Katika fasihi ya Waarabu jambo hili lilidhihirishwa na Abul Alaa al-Maarri, aliyezaliwa mwaka 973 katika mji wa Maarrat al-Numan, nchi ya Shamu, kusini ya Aleppo. Ndui ilimpata akiwa na umri wa miaka minne hivi, ikampofua; na imepokewa kwamba katika rangi zote za dunia aliijua nyekundu peke yake, kwa sababu siku za ugonjwa ule alivikwa nguo iliyotiwa rangi hiyo. Alisoma kwa masikio na kuhifadhi kwa moyo, akasafiri hata Baghdad kutafuta elimu na wenye elimu, akarejea kwao mwaka 1010 baada ya kupata habari ya ugonjwa wa mama yake, asimkute hai. Tangu hapo alishika nyumba, akaacha kula nyama, akajipa lakabu ya mfungwa wa vifungo viwili, yaani upofu na nyumba yake. Lakini kifungo hicho hakikuwa cha upweke, kwani msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, aliyepita mji ule mwaka 1047, aliandika kwamba watu zaidi ya 200 walikuwa wamekuja kutoka pande mbalimbali kusoma kwake.

Kutunga kwake kulikuwa kwa imla: yeye akisema, waandishi wakiandika. Atungaye hivyo hana ukurasa wa kuurudia kwa jicho. Sentensi sharti ikamilike kichwani kabla ya kufika ulimini, na mpango wa kitabu kizima sharti ukae katika kumbukumbu. Si ajabu basi kwamba nathari yake imejaa vina na milinganyo ya sauti, maana kina huvuta kina, na lililosemwa kwa mizani halipotei upesi.

Mnamo mwaka 1033 mtaalamu mmoja wa nahau wa Aleppo, Ibn al-Qarih, mzee aliyepita miaka sabini, alimletea barua ndefu iliyojaa sifa na malalamiko juu ya wazushi wa dini. Abul Alaa alimjibu kwa Risala ya Maghufira, na katika jibu hilo akamchukua mwenye barua mzima mzima hata akhera. Siku ya Kiyama mzee yule anasimama katika joto na jasho la mahashari. Ana hati ya toba yake, lakini inampotea katika msongamano wa watu. Anamtungia Ridhwani, bawabu wa Pepo, mashairi ya kumsifu, kama walivyozoea washairi kuwasifu wafalme, na Ridhwani anauliza mashairi ni kitu gani, maana hajapata kulisikia neno hilo. Hatimaye anapata shufaa ya Bibi Fatma, binti wa Mtume. Lakini afikapo kwenye Sirati anayumba kulia na kushoto, hawezi kujizuia, mpaka anabebwa mgongoni na mjakazi wa Bibi huyo, mikono yake mabegani kwa mbebaji, naye akivushwa kama mtoto.

Tazama jinsi maajabu hayo yalivyojengwa. Msomaji anayajua kwa joto la ngozi, kwa kusukumwa na umati, kwa miguu isiyopata pa kukanyaga, na zaidi ya yote kwa mazungumzo; kwani Pepo ya Abul Alaa imejaa washairi wabishanao juu ya beti zao, na ina mahali hata pa jini mzee mwenye mashairi yake. Pale yanapotajwa macho, hutajwa na mtu aliyeyatafakari maisha yake yote. Peponi mgeni anastaajabia uzuri wa macho ya washairi watano wa kabila la Qays, kumbe hao duniani walikuwa chongo. Na katika Jahanamu yumo Bashshar ibn Burd, mshairi aliyezaliwa kipofu, ambaye sasa amepewa macho ili aione adhabu yake. Kila ayafumbapo, Mazabania, malaika wa adhabu, huyafumbua kwa koleo za moto. Mwenye kuona angedhani kwamba kumpa kipofu macho ni rehema daima. Ilimpasa asiyeona atuonyeshe kwamba kuona nako kwaweza kuwa adhabu.

Karne tisa baadaye, Jorge Luis Borges wa Argentina, mpenzi mkubwa wa Alfu Lela u Lela, alikabidhiwa uongozi wa Maktaba ya Taifa mjini Buenos Aires mwaka 1955, wakati ambapo macho yake, kwa maradhi aliyoyarithi kwa baba yake, hayakuweza tena kusoma. Mama yake na vijana walimsomea, naye akawa akitunga kwa imla. Katika hadithi yake ya Kitabu cha Mchanga, iliyotoka mwaka 1975, mtu ananunua kitabu kisicho na mwanzo wala mwisho. Ajabu yake inamfikia kwanza kwa mkono: kitabu ni kizito kuliko kadiri yake, na kila atafutapo ukurasa wa kwanza, karatasi nyingine zinazuka baina ya jalada na kidole gumba. Hofu ya hadithi ile yote imo katika kidole hicho.

Watunzi hawa wawili hawakuandika hadithi za ghaibu licha ya upofu wao tu; waliziandika kwa nyenzo ambazo wenye kuona huzipuuza, yaani uzito, joto, sauti na hifadhi ya moyo. Kwa hiyo mwalimu mwenye mwanafunzi asiyeona, apendaye visa vya majini na mizimu, asimwelekeze kwenye maudhui mengine kwa kumhurumia. Ampatie vitabu vya nukta nundu, msomaji mwenye subira na mwandishi mwaminifu wa kupokea imla, kisha aihukumu kazi yake kwa ukali ule ule awahukumuo wenzake.