Kuuliza si Ujinga, Hata Mbele ya Mwajiri

Wazee waliojenga maisha yao katika mitaa ya Kaloleni, Makongeni na Bahati waliijua vyema njia ya kwenda Eneo la Viwanda. Walirauka alfajiri, wakasimama langoni mwa kiwanda, na nyapara akawakagua mmoja mmoja kabla ya kunyoosha kidole: wewe ingia, wewe rudi. Ulikuwa usaili mkali, tena wa kudhalilisha. Hata hivyo, aliyesimama pale langoni aliisikia mitambo ikinguruma, akaunusa moshi, akawaona waliotoka zamu ya usiku jinsi walivyochoka. Alijua anachokiomba.

Leo wajukuu wa wazee hao, wakaao Umoja, Kayole na Dandora, wanaomba kazi za tarakilishi. Baadhi yao nimewafundisha, na hunijia niwasahihishie wasifukazi. Wanaporejea kutoka kwenye mahojiano hunisimulia yaliyowapata: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kupiga chapa kwa kasi, kisha maswali marefu kuhusu uvumilivu na kutunza siri. Ninapowauliza kazi yenyewe ni ya kufanya nini hasa, wengi hunijibu, "Mwalimu, hawakusema. Tutaelezwa tukishaingia."

Msomaji mpenzi, hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Katika mahojiano ya namna hiyo mtafuta kazi huchunguzwa kila upande, ilhali kazi yenyewe haichunguzwi hata kidogo. Huko ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Hatari ninayoisema si ya kubuni. Sama, kampuni ya Kimarekani iliyojipatia sifa kwa kuwaajiri vijana wa familia maskini hapa Nairobi, ilipewa kandarasi ya kukagua yanayochapishwa katika Facebook. Mnamo Mei 2022, Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyeifanya kazi hiyo jijini mwaka 2019, aliishtaki Sama pamoja na Meta, mmiliki wa Facebook. Miongoni mwa madai yake ni kwamba matangazo ya kazi hayakuwaonya waombaji kuwa wangetazama picha za mauaji na ukatili mwingine. Sama ilikanusha madai hayo, nayo Meta ikapinga mamlaka ya mahakama za Kenya juu yake. Mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa humu nchini. Desemba mwaka huo, ripoti za daktari zilizowasilishwa mahakamani katika kesi ya wakaguzi wengine zilieleza kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wakiugua maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko.

Hukumu ni ya mahakama, wala si yangu. Nisemalo ni kwamba swali hili lafaa kujibiwa mapema zaidi, katika chumba cha mahojiano. Sikatai kwamba uchafu wa mitandaoni lazima uwe na wa kuuondoa. Mtunza maiti naye hufanya kazi nzito ambayo jamii haiwezi kuikosa. Lakini yeye huomba kazi akijua kilicho nyuma ya mlango, akajipima moyo, akaamua. Mwajiri anayehofu kwamba waombaji watakimbia wakiambiwa ukweli, na aongeze mshahara na matibabu, asipunguze ukweli.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba wa maandishi ueleze kazi ambayo mtu ameajiriwa kuifanya. Ni jambo jema. Lakini kifungu hicho hicho kinaruhusu maelezo hayo yatolewe hadi miezi 2 baada ya kazi kuanza. Kwa fundi wa viatu au karani wa duka, miezi 2 si neno. Kwa kijana ambaye siku yake ya kwanza anawekewa mbele ya macho picha ya mtu akichinjwa, hata siku 2 zimechelewa. Wabunge wetu wangefaa kukitazama upya kifungu hicho.

Nawasikia watakaosema kwamba mwenye njaa hana muda wa kuuliza maswali, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naam, na ainame. Lakini kuinama si kufumba macho. Anayeinama macho wazi huweza kuona kama mvunguni mna chakula au mna nyoka.

Basi nawageukia walimu wenzangu. Katika somo la Kiswahili huwafunza wanafunzi kuandika barua ya kuomba kazi, wasifukazi, hata insha ya mahojiano. Tumewazoesha kupiga nguo pasi, kuketi wima na kujibu kwa adabu. Ni nadra kuwazoesha kuuliza. Tuigize mahojiano darasani, na kila mwanafunzi apewe nafasi ya kumsaili mwajiri: Nitakuwa nikitazama nini kwa saa zote hizo? Kazi hii mnaifanya kwa niaba ya kampuni gani? Nikiumia akili, nani atanitibu, na kwa muda gani? Je, naweza kwenda na mkataba nyumbani niusome kabla ya kutia sahihi?

Nanyi wanafunzi, yaandikeni maswali hayo pembeni mwa daftari. Ulizeni kwa heshima, kwa sauti isiyotetemeka. Mwajiri mwema hatachukizwa. Atajua amempata mfanyakazi mwenye akili. Na akighadhabika kwa kuulizwa kazi yake ni ipi, jueni kwamba amekwisha kuwajibu.