Waya wa Buluu wa Wandegeya

Ukimtajia mtu wa Kampala jina la Kawempe, atakutajia mafuriko ya Bwaise, soko la Kalerwe na foleni ya barabara ya Bombo. Wachache hukumbuka kwamba kilima cha Makerere, chuo kikuu chake na hospitali ya Mulago vimo ndani ya mipaka ya tarafa hiyohiyo. Chini ya kilima hicho iko Wandegeya, mtaa wa chapati za mayai na wa maduka ya kuchapa na kutoa kopi, wanakokimbilia wanafunzi wenye tasnifu za kukabidhi kesho asubuhi.

Chungulia nyuma ya kompyuta ya mezani ya duka kama hilo na kuna uwezekano mkubwa utakuta waya mnene wenye kichwa cha buluu, vipini vyembamba vilivyopangwa katika safu tatu, na skrubu mbili za kukazia pembeni. Huo ni waya wa VGA. IBM ilitangaza kiwango hicho mwaka 1987, na wanafunzi wengi wanaosubiri kopi zao hapo hawakuwa wamezaliwa.

Historia ya kadi za grafiki kwa sehemu kubwa ni hesabu ya kumbukumbu. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi ya kwanza Agosti 1981, mnunuzi alichagua kati ya kadi mbili. MDA ilionyesha herufi tu, mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja, na haikuweza kuchora hata duara. CGA ilichora kwa rangi, nukta 320 kwa upana na 200 kwa kimo, jumla nukta 64,000. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa baiti 16,384 tu. Kila baiti ina biti nane. Ukizigawa kwa nukta zote, kila nukta inapata biti mbili, na kwa biti mbili huwezi kutaja zaidi ya rangi nne. Ndiyo maana michezo ya miaka ile ina sura moja ya ajabu: nyeusi, nyeupe, samawati ya kijani na zambarau kali.

Mwaka uliofuata ikaja kadi ya Hercules, na kisa chake kinafaa kujulikana zaidi Afrika Mashariki. Aliyeibuni, Van Suwannukul, alikuwa mwanafunzi kutoka Thailand aliyesoma Marekani. Alitaka kuandika tasnifu yake kwa hati ya Kithai, na kadi ya IBM iliyojua herufi zake yenyewe tu haikumsaidia. Akatengeneza kadi iliyochora nukta moja moja, 720 kwa 348, hivi kwamba herufi yoyote ya lugha yoyote ingeweza kuchorwa. Wahasibu wakaipenda kwa sababu programu ya Lotus 1-2-3 iliweza kuonyesha jedwali na grafu juu ya skrini hiyohiyo. Kwa hiyo kiwango kilichotumiwa na ofisi nyingi duniani kilianzia kwa mtu aliyetaka kuandika kwa hati ya lugha yake mwenyewe.

Kadi ya EGA ya mwaka 1984, ya IBM pia, ilileta rangi 16 kwa mpigo na haikukaa sana. Iliyokaa ni VGA. Ilikuwa na nukta 640 kwa 480 zenye rangi 16, au 320 kwa 200 zenye rangi 256 zilizochaguliwa kutoka rangi 262,144. Tarakimu hiyo ya mwisho si ya kubahatisha: nyekundu, kijani na buluu kila moja ina ngazi 64, na 64 mara 64 mara 64 ndiyo hiyo.

Siri ya uhai wake mrefu imo kwenye waya. Kadi zilizotangulia zilituma rangi kwa kuwasha na kuzima, kama swichi. VGA inatuma kila rangi kwa uzi wake, kwa volteji inayopanda na kushuka taratibu, kwa hiyo waya hauna idadi ya rangi unayoweza kuishiwa. Kadi zilipoongezeka nguvu, zikafika nukta 800 kwa 600, kisha 1024 kwa 768 na zaidi, waya ukabaki uleule. Kwa fundi wa mtaani hilo lina faida nyingine. Skrini ikigeuka manjano, anajua mara moja kwamba uzi wa buluu umekatika au kipini chake kimepinda. Ikielekea samawati ya kijani, nyekundu ndiyo haifiki. Koleo ndogo na jicho zuri mara nyingi vinamaliza kazi. Waya wa kidijitali ukiharibika mara nyingi humpa skrini nyeusi tu, na nyeusi haimwambii kitu.

Desemba 2010 kampuni kubwa, zikiwemo Intel, AMD, Dell na Lenovo, zilitangaza kwamba VGA ingeachwa kufikia mwaka 2015. Uganda nayo ilikuwa katika vita yake na vifaa vikuukuu: bajeti ya mwaka 2009/10 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, kwa kuhofia taka za elektroniki, ingawa baadaye upande wa kompyuta ukalegezwa. Matangazo yote mawili yalikuwa na hoja. Hakuna lililowauliza wenye monita na projekta zinazofanya kazi bado.

Matokeo yake yanaonekana katika kumbi za mikutano na madarasa. Mhadhiri anakuja na laptopu mpya yenye tundu la HDMI, projekta iliyo darini inajua VGA tu, na kinachowapatanisha ni kifaa kidogo cha kubadilisha. Wanunuzi wa waya hudanganyika hapa. Waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili hauwezi kutosha, kwa kuwa tarakimu lazima zigeuzwe kuwa volteji, na kazi hiyo inahitaji chipu ndani ya kichwa chake.

Huku waya ukikaa, kadi zenyewe zilikuwa zikigeuka viumbe vingine, na chanzo kilikuwa michezo. Voodoo ya kampuni ya 3dfx, iliyotoka mwaka 1996, haikuweza hata kuonyesha eneo-kazi la kawaida. Ilikaa pembeni ya kadi nyingine, ikapokea picha yake kwa waya mfupi wa VGA, na kuingilia kati pale tu mchezo wa pande tatu ulipoanza. Mwaka 1999 Nvidia, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilitoa GeForce 256 na kuipa jina la GPU. Mwishoni mwa mwaka 2000 iliinunua mali ya 3dfx.

Kampala ilijiingiza katika hadithi hii kwa mlango wa sinema. Huko Wakaliga, nje ya Kawempe, Isaac Nabwana aliunga kompyuta kutoka vipuri vilivyotumika na kutengeneza milipuko, risasi na helikopta za filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010 na baadaye kutazamwa na mamilioni kwenye intaneti. Nafasi ya diski ilikuwa adimu kiasi kwamba mafaili ya awali ya filamu yalifutwa ili kupisha kazi iliyofuata. Ukali wa picha tunayoiona leo ni ule wa nakala ya DVD.

Kabla ya kurudi kilimani Makerere, tuone kwa nini kadi za michezo ziliwafaa watafiti. Kuchora mchezo ni kurudia hesabu ndogo ileile kwa mamilioni ya nukta kwa wakati mmoja. Prosesa kuu ni fundi bingwa anayefanya jambo gumu moja baada ya jingine. Kadi ya grafiki ni kijiji kizima kilichoingia shambani na majembe. Watafiti waligundua kwamba kijiji hicho kinaweza kulima shamba lolote. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky na wenzake wa Toronto walitumia kadi mbili za michezo, GTX 580, kufundisha programu kutambua vitu katika picha milioni 1.2, na kazi ikawachukua siku tano hadi sita.

Makerere haikungoja kualikwa. Maabara ya akili bandia ya chuo hicho ilikuwa tayari ikifanya kazi juu ya picha za majani ya muhogo, na mwaka 2016 watafiti wake walichapisha njia ya kutambua vimelea vya malaria, kifua kikuu na mayai ya minyoo kwa simu iliyofungwa kwenye hadubini. Kwa upande wa muhogo walishirikiana na wataalamu wa NaCRRI, taasisi ya utafiti wa mazao iliyoko Namulonge. Picha 21,367, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe katika bustani zao, zilitiwa alama na wataalamu: batobato, michirizi ya kahawia, magonjwa mengine mawili, au jani lenye afya. Mwishoni mwa mwaka 2020 zilifanywa shindano katika jukwaa la Kaggle, na maelfu ya timu za dunia nzima zikajaribu kushinda macho ya mtaalamu. Changamoto iliyosisitizwa ilikuwa ya kwetu: mkulima ana simu ya kamera hafifu na intaneti ya kusuasua.

Wengi wa washindani hawakuwa na kadi zao. Kaggle iliwakopesha bure kwa saa zenye kikomo kila wiki, na mojawapo ilikuwa Tesla P100 ya Nvidia. Kadi hiyo ni ya ukoo wa GeForce, ina kumbukumbu ya gigabaiti 16, yaani mara milioni moja ya ile ya CGA, na haina tundu la VGA, wala la HDMI, wala la DisplayPort. Imeundwa bila njia yoyote ya kuunganishwa na skrini.