Udahili wa mapema Marekani: angalia fedha kabla ya tarehe

Desemba 2023 Chuo Kikuu cha Harvard kilichukua waombaji 692 kati ya 7,921 waliotuma maombi mapema, karibu 9 kwa kila 100. Kwa msimu mzima, waliopata nafasi hawakufika 4 kwa kila 100. Mzazi wa Moshi au Kisumu akiziona namba hizi ataamini kwamba mwanawe akiwahi, nafasi yake inakuwa maradufu.

Sivyo. Kundi la mapema lina wanamichezo waliokwisha kuteuliwa na makocha, watoto wa waliosoma hapo zamani, na wanafunzi wa shule zenye washauri wa kazi hiyo tu. Faida ya kuwahi ipo, ila kwa mtoto asiye na mgongo wa kumbeba ni ndogo kuliko inavyoonekana. Na bei yake hutegemea mlango anaoingilia.

Mlango wa kwanza, Early Decision, unatumiwa na Brown, Dartmouth, Columbia, Cornell, Penn na Duke. Mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule hutia saini kwamba akikubaliwa atakwenda, na maombi ya kwingine yote yanafutwa. Wa pili ni wa Harvard, Yale, Princeton na Stanford: huruhusiwi kuwahi kwenye vyuo vingine binafsi, lakini ukikubaliwa unabaki huru kuamua hadi Mei 1.

Gharama za mwaka mmoja kwenye vyuo hivi, pamoja na chakula na malazi, zinazidi dola 80,000. Familia inayoweza kulipa zote haina sababu ya kuogopa Early Decision. Familia inayohitaji msaada, na hizo ndizo nyingi kwetu, iulize kwanza kama chuo huangalia uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni kabla ya kumkubali. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, Brown na Washington and Lee hawaangalii. Stanford, Columbia, Cornell na Penn wanaangalia, na hapo kuomba msaada mkubwa kunaweza kumwangusha mtoto mwenye alama nzuri.

Ni kweli kwamba msaada usipotosha, chuo kinakuachilia kwenye ahadi. Lakini kiasi unachoweza kulipa kinakadiriwa na chuo chenyewe, kwa kutazama mshahara, akiba na hata nyumba mnayopangisha. Aliyetia saini hana barua ya msaada ya chuo kingine ya kulinganisha na aliyopewa. Ndiyo maana, kwa mwenye kuhitaji fedha, naweka mbele Harvard, Yale na Princeton, kisha Dartmouth, Brown au Amherst iwapo mtoto anakipenda chuo hicho kwa dhati. Kutia saini Columbia au Cornell ukiwa unahitaji msaada wa karibu kila kitu, siungi mkono.

Kalenda nayo ina uzito. Tarehe ya mwisho huwa Novemba 1. Mtahiniwa wa KCSE nchini Kenya wakati huo yumo kwenye mitihani, na insha za maombi zinadai wiki kadhaa za utulivu. Bora asubiri Januari: Bowdoin na Washington and Lee wana awamu ya pili ya Early Decision inayofungwa mapema mwezi huo. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita Tanzania ana nafuu, kwa kuwa mtihani wake ni Mei, ila walimu lazima wamwandikie makadirio ya alama.

Gharama za kuomba zenyewe si haba. Mtihani wa SAT kwa mtahiniwa wa nje inapita dola 100, ada ya maombi hukaribia 80 kwa chuo, na fomu ya CSS ya kuombea msaada wa fedha ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Ada ya maombi husamehewa ukiomba, na vyuo vingi vinasamehe CSS pia. Kabla ya kumlipa wakala, nenda EducationUSA, ofisi ya ushauri ya serikali ya Marekani, Nairobi au Dar es Salaam. Ushauri wao ni bure, na wakala yeyote anayekuahidi nafasi anakuuzia kitu asichokuwa nacho.