Saikolojia ya Mazingira: Kujua Hakupandi Mti (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliuliza kwa nini mtu anayejua fika kwamba ukataji wa miti hukausha vyanzo vya maji huendelea kukata. Jibu lililozoeleka kwenye semina na warsha ni kwamba wananchi hawana elimu, waelimishwe, watabadilika. Jibu hilo ni pungufu. Mkulima aliyeshuhudia kisima chake kikikauka hahitaji bango la kumweleza. Anachokosa ni sababu ya leo ya kuutunza mti ambao faida yake itakuja baada ya miaka kumi, tena huenda ikavunwa na mwingine. Akili ya binadamu, tajiri kwa maskini, hukithamini kilicho karibu kuliko kilicho mbali, na kabla ya kuamua humtupia jicho jirani.

Hilo la kumtazama jirani limepimwa. Katika hifadhi ya Petrified Forest, jimbo la Arizona, Marekani, wageni walizoea kuiba vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake wakaweka mabango tofauti. Moja lililalamika kwamba wageni wengi wamebeba vipande hivyo na kuiharibu hifadhi. Jingine liliwaomba tu wasivichukue. Penye malalamiko viliibwa karibu vipande 8 katika kila 100 vilivyotegwa njiani. Penye ombi havikufika 2. Lawama iliwapenyezea wageni habari isiyokusudiwa: kumbe wengi wanachukua. Matangazo yetu yana kasoro hiyohiyo. Tukiimba kila siku kwamba watu wote wanatupa taka mtoni, tunampa mtupaji faraja kwamba hayuko peke yake.

Ushahidi wa kinyume chake uko Shinyanga. Misitu ya huko ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuangamiza mbung'o, kisha kupisha pamba na mifugo, hata Mwalimu Nyerere akauita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulianza kwa vitalu vya miche, mingi ya kigeni, lakini mabadiliko makubwa yalikuja wataalamu waliporudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe. Kaya hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza. Nyasi hurefuka, visiki vya migunga huchipua, na eneo hufunguliwa kiangazi kikikolea, wakati ng'ombe hawana pengine pa kwenda. Mwanzoni mwa mradi ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia 2004 zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hapakuhitajika hotuba juu ya joto la mwaka 2100. Malisho yalipatikana kiangazi kilekile, kisha kuni za karibu, nyasi za kuezekea, asali na dawa. Mwenye eneo alijulikana, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji.

Wapo watakaosema huku ni kumtwisha mnyonge mzigo wa wengine, kwa kuwa Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya kaboni dioksidi ya dunia. Madai hayo ni ya haki na yadaiwe, ila hayarudishi maji kisimani. Isitoshe, kanuni hii inawahusu matajiri pia: dereva wa Ulaya naye haachi gari kwa kuhubiriwa, huliacha treni inapokuwa nafuu na ya uhakika. Wengine watasema ngitili ziliwanufaisha zaidi wenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi. Ni kweli, na ni onyo: asiye na sehemu katika faida hana sababu ya kulinda.

Basi anayepanga kampeni ya mazingira, kabla ya kuchapisha bango jingine, ajiulize maswali matatu: faida itaonekana lini, ni ya nani, na jirani ataionaje? Juma lijalo tutayapeleka maswali hayo mjini, ambako mkaa hununuliwa kwa kopo la siku moja na gesi kwa mtungi mzima.