Kura za Saa Sita Usiku Dixville Notch

Dixville Notch haina meya wala baraza la mji. Iko kwenye milima ya kaskazini ya jimbo la New Hampshire, Marekani, karibu na mpaka wa Kanada, na kisheria haijawahi kusajiliwa kuwa mji. Mambo yake yanaangaliwa na Kaunti ya Coös. Sensa ya mwaka 2010 iliwakuta watu 12. Ile ya mwaka 2020 ikawakuta wanne. Mwenyekiti yeyote wa kitongoji Tanzania akiisikia idadi hiyo atacheka, maana watu hao hawajazi hata benchi moja la mkutano wake. Lakini kila unapofika uchaguzi wa rais, waandishi wa habari hupanda milima hiyo kwa msururu, kwa kuwa wakazi wa Dixville Notch hupiga kura saa sita kamili usiku, na Wamarekani wengine wanapoamka tayari matokeo yao yako hewani.

Si wao walioanza. Kijiji kingine cha jimbo hilohilo, Hart's Location, kilipiga kura usiku mwaka 1948 kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ambao walitakiwa kuwa kazini kabla vituo havijafunguliwa. Mwaka 1964 wanakijiji wakachoshwa na bughudha ya waandishi, wakaacha, na hawakuirudia desturi hiyo hadi 1996. Wakati huo Dixville Notch ilikwisha kujipatia jina.

Jina hilo lilitokana na tajiri mmoja, Neil Tillotson, aliyechuma mali katika biashara ya vitu vya mpira, yakiwemo maputo na glavu. Mwaka 1954 aliinunua hoteli ya The Balsams, na wakazi wengi wa hapo walikuwa wafanyakazi wake na jamaa zao. Kwenda kupiga kura kuliwalazimu kusafiri mwendo mrefu, basi mwaka 1960 kikapatikana kituo chao wenyewe, humo humo hotelini. Usiku huo zilipigwa kura tisa, zote za Richard Nixon. John Kennedy hakuambulia hata moja, na ndiye aliyeshinda urais. Tangu siku hiyo hadi mwaka 2000 Tillotson ndiye aliyekuwa akitumbukiza karatasi ya kwanza. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 102.

Msomaji mwenye maswali atauliza: bosi akitangulia kwenye sanduku, tena ndani ya hoteli yake, wafanyakazi wake wanachagua kwa uhuru gani? Swali ni la haki. Jibu liko kwenye hesabu. Mwaka 1968 walimpa Hubert Humphrey kura 8 na Nixon 4, wakati eneo hilo lilijulikana kuwa la Warepublican. Baada ya hapo chama cha Democratic kilikaa kikisubiri miaka 40, hadi Barack Obama alipopata kura 15 dhidi ya 6 za John McCain mwaka 2008.

Sheria ya jimbo inaruhusu sehemu yenye watu wasiofika 100 kufungua kituo saa sita usiku na kukifunga pindi kila aliyemo kwenye daftari anapomaliza kupiga kura. Mkazi mmoja akichelewa, wote wanamngoja. Hakuna foleni wala kusukumana. Enzi za hoteli kila mpiga kura alikuwa na kituturi chake, wakiingia kwa pamoja na kutoka kwa pamoja. Kura huhesabiwa kwa dakika chache, kisha matokeo yanaandikwa kwa mkono ubaoni mbele ya kamera. Novemba 2024, kabla ya kupiga kura, wimbo wa taifa ulipigwa kwa akodiani, ala ambayo mpenzi wa taarabu angeitambua bila kuangalia. Kamala Harris akapata tatu, Donald Trump tatu.

Kinachopotea hapo ni siri. Sheria inamlinda mpiga kura asijulikane amemchagua nani, lakini matokeo yakiwa tano kwa sifuri, kama mwaka 2020 Joe Biden alipozoa zote, ulinzi huo unabaki kwenye karatasi tu. Januari 2024, katika kura ya mchujo, wapiga kura sita walimpa Nikki Haley kura zote sita, huku wanahabari waliowazunguka wakiwazidi zaidi ya mara kumi. Safari hiyo Dixville Notch ilikuwa peke yake jimboni kupiga kura usiku. Katika mchujo wa 2020 mambo yalikuwa na vichekesho zaidi: Michael Bloomberg, ambaye hata jina lake halikuwemo kwenye karatasi, aliandikwa kwa mkono na kuongoza kwa kura tatu kati ya tano, mojawapo ikiwa ya upande wa Warepublican.

Hoteli ilifungwa mwaka 2011, na kazi zilipokwisha watu wakaondoka. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kituo cha kura kinahitaji zaidi ya wapiga kura: sheria inataka pawe na msimamizi, karani na maofisa wengine, na wote wawe wakazi. Mwaka 2019 walihesabiana wakajikuta wamepungua mtu mmoja, na desturi ya karibu miaka 60 ikaning'inia. Iliokolewa na Les Otten, mwekezaji aliyekuwa akitaka kuifufua hoteli, alipohamia na kujiandikisha. Wakawa watano, na hao ndio waliopiga kura mwaka uliofuata.

Uchaguzi ujao wa rais wa Marekani ni tarehe 7 Novemba 2028. Saa sita usiku ya Dixville Notch itakuwa saa mbili asubuhi Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo msomaji anaweza kuyapata matokeo yao akinywa chai, ikiwa bado watakuwepo wakazi wa kutosha kufungua kituo. Ila asiyachukulie kuwa utabiri: mwaka 2016 Hillary Clinton alishinda pale kwa kura 4 dhidi ya 2 za Trump, lakini urais ukaenda kwa Trump.