Kura Ipigwe Mbele ya Watu

Kwa miaka mingi nimesimamia mashindano ya kandanda ya vijana hapa Butembo, na ugomvi mkali kuliko wote sijauona uwanjani. Nimeuona kabla mpira haujaguswa, siku ya kutaja timu zilizoingia na makundi yake. Penalti ya uongo huudhi jioni moja. Orodha iliyofungwa usiku nyumbani kwa mtu huacha kinyongo cha msimu mzima, maana kijana anavaa jezi akiamini ameshashindwa.

Tuanze na nafasi za kuingia. Likizo kubwa ikifika, karibu kila kartie ya komuni za Kimemi, Mususa, Bulengera na Vulamba hutaka kuleta timu, na uwanja ni mmoja. Desturi iliyoenea ni kwamba anayetangulia kulipa ndiye anayeingia. Ukiisikia utadhani ni haki. Lakini tazama ni nani hutangulia: timu yenye mfadhili mwenye duka katikati ya mji. Watoto wanaochangishana kidogokidogo hufika Jumamosi na kukuta daftari limefungwa. Timu za Beni ndizo huumia zaidi, kwa kuwa ziko zaidi ya kilometa 50 kutoka hapa na habari huzifikia zimechelewa.

Kwa hiyo daftari letu hukaa wazi wiki mbili. Tunatangaza redioni, makanisani na msikitini. Aliyelipa siku ya kwanza hamzidi haki aliyelipa siku ya mwisho. Timu zikizidi nafasi, tunapiga kura ya vikaratasi, na iliyokosa inaandikwa ya kwanza kwa mashindano yajayo, wote wakishuhudia.

Halafu yanakuja makundi. Hapa vikaratasi peke yake havitoshi, kwa sababu vinaweza kuzikusanya timu kali zote pamoja na kuacha kundi jingine jepesi. Tunazitenga kwanza timu 4 zilizofika nusu fainali mara iliyopita, kila moja kundi lake, kisha tunazipigia kura zilizobaki. Timu mbili za kartie moja haziwekwi pamoja. Zikikutana mapema, watu huanza kunong'ona kwamba moja imeiachia nyingine.

Michezo mingine ina fikra hiyohiyo. Katika mashindano ya dunia ya kulenga shabaha, mahali pa kusimama kila mshindani hupangwa kwa kura, na wa nchi moja hutawanywa. Wanaolenga visahani vinavyorushwa hewani huingia kwa vikosi vya watu 6. Sababu ya kura hiyo inaeleweka: upepo wa asubuhi si upepo wa saa nane, na jua likimpiga mtu machoni, ustadi wake haumsaidii. Kwetu hapa mlio wa bunduki hauna mchezo ndani yake. Hata hivyo, kanuni hiyo naikubali kwa moyo wote: hali ya hewa isiachiwe mwandaaji aigawe kwa rafiki zake.

Saa ya mechi nayo ni mali. Juni 25, 1982, huko Gijón nchini Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0, matokeo yaliyozivusha zote mbili na kuitoa Algeria. Algeria ilikuwa imewafunga Wajerumani 2-1, lakini mechi yake ya mwisho ilichezwa siku moja kabla, hivyo wapinzani waliingia uwanjani wakijua hesabu inayowatosha. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Nasi siku ya mechi hizo tunaazima uwanja wa shule, ili mechi mbili zianze kwa filimbi moja.

Timu za Beni tunazipa mechi ya kwanza ya siku. Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni upendeleo. Jibu langu ni kwamba barabara yetu si ya kusafirisha watoto gizani, na tangu utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu Kaskazini na Ituri mwezi Mei 2021, kila mzazi anataka mwanawe awe nyumbani mapema. Tofauti yenye sababu, iliyotangazwa kabla, haimwonei mtu.

Watu wa Beni na Butembo tunaijua kura nzito kuliko ya mpira. Wakati wa Ebola, kuanzia Novemba 2018, wagonjwa walioingia katika utafiti huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina waligawiwa kwa kura dawa moja kati ya 4. Uvumi ulikuwa mwingi mjini. Lakini wakati ule hakuna aliyejua ipi inaokoa zaidi, na kura ilimpa maskini nafasi ileile ya tajiri. Agosti 2019, baada ya wagonjwa mia kadhaa, ilionekana kwamba kwa dawa mbili alifariki takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu, na kwa nyingine mbili karibu nusu. Kura ya dawa 4 ikasimamishwa hapohapo, na waliofuata wakapewa mojawapo ya zile mbili bora.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Kura ni ya haki pale ambapo hatuna sababu ya kumtanguliza yeyote. Sababu ikiwapo, kama mabao yaliyofungwa, itumike hiyo kwanza. Kombe la Afrika la 2015, Kongo yetu na Cape Verde zilitoka sare mechi zote 3 za kundi. Tulipita kwa kuwa tulifunga mabao 2 na wao 1. Guinea na Mali zililingana kwa kila kitu, ndipo kura ikaivusha Guinea. Mali iliumia, lakini utaratibu ulikuwa umeandikwa kabla.

Nawaomba waandaaji wenzangu wa Beni na Butembo: makapteni wavione vikaratasi kabla havijakunjwa, mtoto asiye na timu avichomoe, na matokeo yabandikwe ukutani siku ileile. Na kabla ya yote hayo, andikeni sheria zenu wakati bado hamjui nani atakuja kujiandikisha.